Kucha

Wahenga walisema upele humwota asiye na kucha.
Mimi ninazo, na daktari kaniambia nizikate.

Miaka kumi na mmoja nasuka vichwa Kenyatta Market,
vidole vimechanika kama udongo wa Januari.
"Ngozi imegoma," alisema, akigeuza viganja vyangu,
"imechoka na dawa iliyo kwenye nywele hizo."
HAIAMBUKIZI. Nimeiandika kwa herufi kubwa,
nikaibandika kwenye kioo, chini ya bei.

Mogaka wangu, yake ni nyingine: pumu ya ngozi,
alizaliwa nayo, humkalia nyuma ya magoti.
Julai, wingu likigoma kuondoka Nairobi,
namsikia usiku akijikuna
kama panya darini.

Siku hizi naroweka nywele za kusukia kwenye siki,
chumba kizima kinanuka kachumbari.
Tukishaoga, kabla maji hayajakauka mwilini,
tunapakana mafuta mazito yasiyo na harufu,
mimi mgongo wake, yeye viganja vyangu.

Jana mteja alisoma kioo, akasoma mikono yangu,
akasita.
Kisha akaketi, akafungua kilemba:
ukingoni mwa nywele, vipele vyekundu.
"Na hii," akauliza polepole, "inaitwaje?"