Bia ya Shemeji

Semkiwa hanywi kitu kisicho na lebo,
na kiwe baridi ya kuumiza meno.
Basi nikampikia, hapa Muheza, nyuma ya jiko:
kimea nimekikaanga kidogo tu, kisiungue,
hopsi kiduchu, maana uchungu anao wake wa kutosha,
hamira, na ndoo kuukuu iliyofunikwa kanga ya dada yake.
Wiki mbili nilikuwa naweka sikio kwenye mfuniko:
pwo. Pwo.
Kama mtu anayetaka kusema jambo, anaghairi.
Mbili zingine chupani.

Jana nikammiminia. Rangi ya chai ya mkandaa.
Akanusa. Akanyamaza. Akanywa.
"Hii ya kiwanda gani?"
Akaigeuza chupa,
akakuta alama ya gumba langu, masizi matupu,
akasogeza glasi.