Hapa Kulungu Huvuka

Mashine yangu niliinunua Lahti kwa mtu aliyefilisika:
viti viwili vyekundu, usukani mwepesi kama sahani ya bati.
Ililetwa mwezi wa pili, imefunikwa blanketi kama mgonjwa.
Tangu hapo iko ukumbini kwangu, Imatra,
kati ya njia za matufe na jokofu la soda,
ikipiga kelele kwa sarafu moja.

Siionei haya. Gari lake halijui petroli.
Ukigonga ukuta, ukuta wakurudisha barabarani
kama shangazi anayekurudisha mezani ule tena.
Breki ipo, lakini ni pambo,
kengele shingoni mwa paka.
Watoto hupanda na viatu vya theluji, wanashuka wanacheka,
hakuna aliyejifunza chochote.

Mpwa wangu Tuukka huiita mdoli.
Yeye ana chombo chake chini ya nyumba, ukuta mmoja na sauna:
fremu ya chuma aliyoichomelea mwenyewe,
skrini tatu, kiti kilichong'olewa kwenye Saab iliyokufa,
usukani wenye mota ya kukuvunja kidole gumba.
Kanyagio la breki lataka kilo arobaini za mguu.
Anajua joto la kila tairi, ubavu wa ndani na wa nje,
anajua uzito wa mafuta mzunguko wa kumi na tisa.
Nilikaa mara moja. Kona ya kwanza, gari likanigeuka.
Kona ya kwanza tena, likanigeuka tena.
"Shangazi, unaukaba usukani. Ushike kama yai."
Yai! Nimekaanga mayai miaka thelathini,
hakuna hata moja lililowahi kunitupa majanini.

Novemba akaja ukumbini na majigambo yake.
Nikampa sarafu. Kiti cha pili akapanda Saimi,
miaka saba, anaendesha amesimama, maana miguu haifiki.
Tuukka akafunga breki kabla ya kona,
kwa adabu, kwa hesabu, kama usiku elfu ulivyomfunza.
Saimi hakufunga kitu.
Akagonga daraja, akagonga basi, akafika wa kwanza.
"Kaka huyu mwoga," akaniambia, akaomba soda.
Tuukka akaitazama mikono yake
kama mtu aliyesahau namba ya mlango wake.

Ningeishia hapo, tucheke. Lakini kuna Veijo.

Mume wangu aliendesha lori la magogo miaka thelathini na minane.
Machi daktari akamwonyesha herufi ukutani;
tatu alizisoma, ya nne akaibahatisha.
Leseni ikabaki mezani pa watu.
Sasa husimama dirishani, malori yakipanda kilima,
na kusema, bila kugeuka, "Kachelewa gia."
Nilimpeleka kwenye kiti chekundu. Alikaa dakika moja.
"Sitaki kuhurumiwa na ukuta," akasema, akavaa kofia.

Tuukka alikuwapo, akanyamaza. Wiki sita hatukumwona.
Kumbe alikuwa akiichora barabara ya Ruokolahti
mita kwa mita: daraja, kituo cha maziwa,
banda la basi lililobabuka rangi,
hata ule mteremko unaoganda kabla ya mingine yote.

Veijo akaketi. Skrini zilikuwa karibu na pua,
nusu aliiona, nusu aliikumbuka.
Usukani ukatetemeka kwa changarawe
naye akawa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo,
kama anayesomewa barua.
Baada ya banda la basi, njia nyeupe, imenyooka, tupu,
akaondoa mguu.
Tuukka hakuweza kujizuia: "Hapo unapoteza sekunde nne."
"Hapa kulungu huvuka," akasema Veijo,
akasubiri, mguu hewani,
mpaka yule mnyama mwenye pembe kama makoleo,
ambaye hakuna aliyemchora,
amalize kupita.