Gari Limelala Nje

Tangu Julai, Wendell, gereji si gereji tena.
Sanduku la plastiki lisilopitisha maji,
ndani yake kidhibiti cha chaneli kumi na sita,
kijani, chembamba, kama biskuti iliyotembelewa na sisimizi;
transfoma mbili, nzito kuliko paka wetu;
nyaya mita mia, na vibanio
ambavyo nitavikanyaga peku hadi Pasaka.

"Haba na haba," ulisema.
Haba hiyo imemeza pesa za bomba la jikoni.

Sasa ni Novemba, Duluth, theluji imefika magotini,
gari limelala nje, limejitanda shuka jeupe.
Wewe na kompyuta kuukuu ya Solveig
mnanong'onezana namba:
sekunde ya nne, paa; ya tano, mlango;
na kirusha mawimbi kidogo, ili wapitao
wasikie kengele redioni mwao.

Usiku wa jaribio ukaniita. Nikatoka na soksi tu.
Ukabonyeza.
Katika taa mia tatu ikawaka moja,
nyekundu, kwenye kona ya mfereji wa paa.

Ulitaka kulia. Nikakushika kiwiko:
subiri, Wendell.
Usiizime kwanza.