Nilifunga?

Kule Agoro, nilipolipwa kwa kutembea polepole,
mlio ulikuwa na maana moja: simama.
Unachomeka kijiti chekundu, unapiga magoti,
unaondoa udongo kama anayemfuta mtoto tongotongo.
Miaka sita masikio yangu ndiyo yaliyotulisha.
Leo, Bombo, katika shamba la mihogo
lililokuwa ua wa bibi yangu Kaltuma,
mlio una maana nyingine: chimba.
Magoti bado hayajaelewa.

Mwenye mihogo anaitwa Nalubwama.
Amenikubalia kwa sharti nisikate mizizi,
lakini jembe lake halijanyanyuka tangu asubuhi.
"Unatafuta mali?"
"Natafuta vyombo vya bibi."
"Vyombo," anasema, kama anayeonja chumvi.

Ardhi inatoa inachotaka.
Vizibo vya soda, vizibo, vizibo,
kana kwamba palikuwa na harusi iliyokataa kwisha.
Betri iliyotapika. Nusu ya mkasi.
Msumari. Msumari. Bati lililooza
likawa jepesi kama majani ya chai.
Ganda la risasi: hapo mwili ukasimama wenyewe,
mkono ukatafuta kijiti chekundu mfukoni,
mfukoni mna karanga.
Senti kumi yenye tundu, ya kabla ya uhuru.
Namchungulia Nalubwama ndani ya tundu lake,
mdogo, na jembe lake.

Bibi alitoka hapa usiku, sabini na tisa,
na watoto watano, na ungo wa rangi aliousuka mwenyewe,
na ufunguo.
Vikuku vya fedha aliviacha chini ya figa la tatu,
ndivyo wasemavyo,
na ndiyo maana binamu yangu Sebit amenilipia nauli.
Ng'ambo, huko Yei, miaka saba
aliamka kabla ya alfajiri, akaketi mkekani,
akauliza giza:
"Nilifunga?"
Mjomba alijibu, "Ulifunga, mama."
Mama yangu, wa miaka tisa, asiyejua kudanganya:
"Sikuona."
Nyumba ilikwisha kubomolewa. Wote walijua, naye alijua.
Hata hivyo. "Nilifunga?"
Swali hilo alikufa nalo.

Saa tisa, mlio mfupi, mnene,
karibu na shina ambalo panya wamelitoboa.
Magoti. Kisu kwa pembeni, kikilala, kama tulivyofundishwa.
Si kikuku.
Ni kufuli. Kutu imelivimbisha kama shavu lenye jino bovu,
upinde wake umezama hadi mwisho,
na bado limeshikilia pete zake mbili
kwa nguvu zote,
na mlango haupo.

Nampigia mama, Arua,
ambako ufunguo unaning'inia kwenye msumari
kando ya kalenda ya msikiti ya mwaka usiojulikana.
"Nimepata kufuli," nasema.
Vikuku hakuviuliza.
"Liko wazi, au limefungwa?"
"Limefungwa."
Nasikia kuku wake. Nasikia bodaboda ikipita kwake.
Kisha simu inakatika, au anaikata.

Sebit nitamwambia nini, sijui.

Jua lingalipo. Napitisha mashine mara ya mwisho
kandokando, penye mmea wa mpaka,
kwa mazoea tu, kama anayefagia uwanja uliokwisha kufagiwa,
nayo inalia.
Mlio mrefu, wima, usio na shaka,
wa chuma kilichopigiliwa ili kisimame.
Naujua. Wapima ardhi wa zamani
waliacha vyuma vya namna hii kwenye pembe za viwanja,
na mahali kinaposimama hiki
si mahali ambapo mihogo inaishia.

Nalubwama amekwisha kunyanyuka.
Mgongoni, mjukuu wake amelala mdomo wazi.
"Na hicho?" anauliza.

Natazama mihogo. Natazama kufuli mkononi.
"Kizibo," nasema,
na kwa kisigino nafukia
mahali ambapo sikuwa nimechimba.