Kofia za Figo

Agwanda, vyuma vyako ni mikebe ya rangi iliyojazwa saruji,
nyuma ya nyumba yetu, Nyalenda.
Ukiinama kuvishika, tezi mbili, kofia za figo,
zinamwaga adrenali: moyo mbio, viganja jasho,
kilo sitini zapanda kama zimeitwa jina.

Tezi hizo hizo, usiku, ukilinda bohari la mchele wa Ahero,
macho makavu, chai ya rangi,
zadondosha kotisoli. Tone. Tone.
Nayo hula ulichojenga mchana.

Ukaongeza mayai. Ukaongeza seti.
Mkono, wapi!

Bohari likafungwa juma zima; ukalala
mpaka Mama akaja kuchungulia kama unapumua.
Nikachukua utepe wangu wa kushonea:
nusu inchi.