Baridi Inakoingilia

Wa kwanza hakushuka garini.
Aliteremsha kioo, akaitazama nyumba
kama anayekisia uzito wa ng'ombe mnadani,
akaandika elfu tisa nyuma ya bahasha.
"Nusu leo," alisema Purvis, "nusu Ijumaa."
Injini hakuizima. Nami birika sikuinjika.

Nina miaka sabini na minne, bwana mdogo.
Nimezika mume, nimezika mbwa wawili,
nimelipa bili za gesi za Februari hapa Thunder Bay
ambako neno huganda kabla halijafika kwa jirani.
Bahasha yako, rudi nayo.

Wakaja ndugu wawili, akina Scavarelli, wauza povu.
Walilisifu kama wazazi wanaotafuta mkwe:
halina kasoro, halizeeki, halinuki.
Nikauliza: na likinuka?
Mkubwa akamtazama mdogo. Mdogo akatazama viatu.

Basi nikangoja. Novemba ikaingia bila hodi
kupitia mahali ambapo mimi na Taisto
tuligombania miaka thelathini na mmoja.
Yeye: ni ukuta wa kaskazini.
Mimi: ni juu, Taisto, inatushukia.
Yeye: joto ndilo hupanda, Aune, baridi itashukaje?
Na kila vuli alipanda ngazi na bomba lake la gundi
kuziba ukuta ule ule,
hadi ukawa na makovu kushinda uso wa bondia.
Waliotuusia tuzibe ufa
hawakutuambia upi.

Darka Hnatiuk alikuja Jumanne, saa moja asubuhi,
akavua buti mlangoni bila kuambiwa.
Alitaka darini kwanza.
Nilisikia magoti yake yakitembea juu ya kichwa changu,
kisha kimya, kisha kicheko.
Alishuka na unga wa mbao nyweleni,
mkononi ukurasa wa gazeti la Kifini la mwaka hamsini na nane,
tangazo la buti bado linasomeka.
Baba mkwe, nikasema. Alijaza alichokuwa nacho.

Akauvalisha mlango wa mbele turubai jekundu
lenye feni tumboni, akaiwasha,
na nyumba ikavuta pumzi
kama mtu aliyeletewa habari.
Akanishikisha kijiti cha moshi mwembamba.
Tukazunguka vyumba kama wafukiza ubani.
Ukuta wa kaskazini: moshi ukasimama wima, hauna shughuli.
Dirisha la jikoni: ukayumba kidogo, kwa adabu.
Koridoni, chini ya kifuniko cha dari:
ukapigwa kofi, ukanikimbilia usoni.

"Hapa," alisema. "Na kando ya dohani.
Ule ukuta ni mzima kabisa. Nani aliuziba?"

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa na haki,
na hakuna wa kununa.

Mkataba ulikuwa kurasa tatu. Niliusoma wote
yeye akila mkate wangu wa iliki.
Robo kabla, zilizobaki nikiridhika.
Neno "takriban" nililikata mara mbili kwa kalamu.
Akatia sahihi kando ya kila mkato,
akaomba kipande kingine.

Siku mbili mashine ilitapika karatasi zilizosagwa,
kijivu, laini, hadi magotini.
Magazeti tena, nikamwambia.
"Mzee alijua," akasema, "ila hakuwa na ya kutosha."
Kabla hajaondoka aliuliza kama akwangue ile gundi ya ukutani,
apake rangi, bure tu.
Nikamwambia hiyo aiache.

Januari sasa. Paa la Wojtas, ng'ambo ya barabara, linadondoka,
barafu zimening'inia ukingoni kama misumari iliyopinda.
Langu limebeba theluji yake yote.
Darka alisema ndiyo dalili:
ikilala juu bila kuyeyuka,
haijui kwamba chini yake kuna mtu.

Usiku napita koridoni,
nainua kiganja kuelekea kile kifuniko.
Hakuna kitu. Hata pumzi.
Narudi kulala
upande wa kaskazini.