Pambizoni

Umeme ulikatika kwenye ukurasa wa tisa,
karatasi ikabaki nusu ndani, nusu nje,
mashine imetoa ulimi kama mtoto mtundu.
Peizhi akacheka: "Hata huku nimekwama."

Yuko likizo, amerudi kutoka Leeds,
binti wa Mzee Ruan wa vigae, Barabara ya Sita,
ambaye wapakiaji wa babake walimwita Nansubuga
tangu alipokuwa akihesabu maboksi kwa Kiganda.
Mimi ni Ithungu wa fotokopi, Wandegeya.
Kiswahili changu nilikinunua soko la Mpondwe pamoja na vitenge,
chake alikiokota kwa madereva wa malori.
Tunaelewana, kila mmoja na makosa yake.

Tukangoja umeme. Akasimulia.

Kule darasani wanakaa duara, hakuna nyuma.
Mwalimu anauliza, kisha ananyamaza akitazama,
na yeye sentensi yake bado ameikunja mdomoni,
anainyoosha, anaipiga pasi, anatafuta kifungo,
mwingine keshasema. Neno lenyewe halina kichwa
ila limesemwa kwa sauti ya mwenye nyumba.
Saa inaisha. Kwenye fomu wanaandika: hashiriki.

"Unakumbuka nilikuwa monita?"
Nakumbuka. Sketi ya kijani, kidaftari mfukoni,
kila Ijumaa orodha ya wapiga kelele,
majina kumi na tano, fimbo nne nne.
"Kule, wale ndio wangepewa alama."
Tukacheka mpaka muuza rolekisi akachungulia.

Kisha hakucheka.
Wachina wenzake, watoto wa Chengdu na Shanghai,
wanasema Kichina chake kina "kale" na "eee" ndani,
wanamuuliza kama alifuga simba uani.
Waingereza wanamuuliza kwao China kukoje.
Amefika China mara mbili, moja kwenda kuzika.
Siku ya kujitambulisha alisema, "Natoka Kampala."
Chumba kizima kikangoja amalizie mzaha.

Babake hayajui haya. Babake anajua ada:
vigae vingapi ni paundi ngapi, kwa kiwango cha leo.
Kila jioni kwa simu: umekula? umesoma?
Naye hujibu ndiyo, ndiyo, kama muhuri.

Umeme ukarudi, feni ikakohoa,
mashine ikautapika ukurasa wa tisa
na pale pambizoni, mwandiko wa profesa:
"Umenukuu watu ishirini. Wewe uko wapi humu?"

Aliushika kama majibu ya hospitali.
"Nyumbani nilifunzwa waliotangulia watangulie.
Wewe mimina chai, ngoja, chako kitajazwa.
Sikujificha, Ithungu. Nilikuwa nawapisha."

Sikuwa na neno.
Nimejalidi tasnifu elfu mbili kwa mkono huu,
nimerekebisha nukta za watu ambao leo wanaitwa daktari,
na hakuna aliyewahi kuniuliza swali lile.
Gundi haitajwi kwenye shukrani.

Shilingi mia mbili kwa ukurasa, kurasa kumi na nne.
Ule wa tisa sikumtoza.
Akachukua penseli yangu, akaandika chini ya maneno ya profesa
mstari wa Kichina, akaufuta,
akaandika mwingine, huo akauacha.
Sikuuliza. Alisema tu, "Tutaona Oktoba."

Alipokwisha kuondoka nikaona nilibonyeza nakala mbili.
Ya pili nimeibandika ukutani, juu ya mashine.
Wateja huisoma wakingoja zamu, wengi hucheka.
Kijana mmoja wa sheria aliisoma mara tatu,
akaomba tasnifu yake, akaenda nayo bila jalada.
Nimepoteza elfu kumi na tano.

Ule mstari wa penseli haumo kwangu.
Nakala yangu ilitoka mapema,
ina swali tu.